Kwenda Kusini Kabla ya Daraja

Nilikuwa kimya kidogo, kazi zilibana. Leo nina la kwenu, na limetokana na ubishi wa chumba cha habari.

Mwenzetu mmoja alipangiwa safari ya kikazi Mtwara akaanza kulalama kwamba kusini ni mbali mno. Mwingine akadakia kuwa kusini wamebaki nyuma kwa sababu watu wake hawajitumi, wamezoea kusubiri. Watu wakacheka. Mimi mtoto wa Pwani nimezoea kutaniwa, mara sisi ni watu wa ngoma, mara wavivu wa kulima. Lakini hili la kusubiri lilinikaa. Tena wote wawili ni wasomi, wana digrii zao safi kabisa.

Tuanze na hesabu. Kutoka Dar hadi Mtwara ni kilomita kama 560. Kutoka Dar hadi Arusha zinazidi 600. Kwenda Mbeya zinazidi 800. Sasa niambieni, ni nani uliyewahi kumsikia akisema Arusha ni mbali? Mtu anatoka ofisini Ijumaa, Jumamosi mchana yuko Arusha anakula nyama choma, Jumatatu yuko kazini. Mtwara iko karibu zaidi, lakini kwa mzazi wangu na mzazi wako ilikuwa kama nchi nyingine. Kwa hiyo umbali huu haukutoka kwenye kilomita. Kuna mahali ulitengenezwa, na ukitaka kupaona huna haja ya kwenda mbali. Anzia Kibaha na Kisarawe tu.

Kibaha, kwa wale mnaopita usingizini ndani ya basi la mkoani, ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Jina la mkoa ni Pwani, lakini pale Kibaha bahari huioni hata ukipanda juu ya mnazi. Mji umekaa kwenye Barabara ya Morogoro, kilomita kama 40 kutoka katikati ya Dar. Mkoa wenyewe umetawanyika kwelikweli: Bagamoyo kaskazini, Kisarawe nyuma ya vilima vya Pugu, Mkuranga, Kibiti na Rufiji kusini, halafu Kisiwa cha Mafia peke yake ndani ya Bahari ya Hindi. Ukitoka Rufiji kufuata mhuri mkoani, njia ya kawaida inakupitisha katikati ya Dar es Salaam, yaani unatoka ndani ya mkoa wako, unaingia wa watu, ndipo unarudi kwenu. Kisarawe na Kibaha ni majirani wanaopakana, na kata ya Kiluvya ya Wilaya ya Kisarawe iko palepale kwenye Barabara ya Morogoro. Lakini mtu wa Kisarawe mjini akitaka kwenda Kibaha kwa basi, kwa miaka mingi kitu cha kwanza kilikuwa kuteremka Gongo la Mboto.

Na Kisarawe ya zamani haikuwa hii tunayoijua. Mkuranga ilimegwa kutoka Kisarawe mwaka 1995. Kabla ya hapo, ukishatoka Mbagala na kuifuata Barabara ya Kilwa, ulikuwa unatembea ndani ya Wilaya ya Kisarawe mpaka unapoingia Rufiji. Ndiyo maana mjomba wangu, mtu wa Maneromango aliyehamia Kisarawe mjini, akisema “njia yetu ya kusini” hajisifu. Njia ya kusini ilikuwa yao. Nitamrudia mjomba baadaye, maana yeye ndiye aliyeikanyaga.

Hiyo njia ina historia ya kutisha ambayo shuleni hatukufundishwa vizuri. Tulifundishwa kwamba mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alibanwa na Waingereza, akatia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, soko la Zanzibar likafungwa. Kwenye mtihani hapo unapata vema yako, unasonga mbele. Kumbe wafanyabiashara wa Kilwa hawakuacha kazi. Bahari ilipofungwa walihamia nchi kavu. Misafara ya watumwa ikatoka Kilwa kwa miguu kuelekea kaskazini, ikavuka Rufiji, ikapita Uzaramo nyuma ya Dar es Salaam na kuendelea hadi Pangani, ambako watu walivushwa kwa magendo kwenda Pemba. Mwingereza mmoja, Frederic Elton, alipita njia hiyo kuelekea Kilwa mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, akahesabu maelfu ya watu waliofungwa minyororo wakipelekwa upande aliotoka yeye. Barghash alikuja kupiga marufuku misafara ya nchi kavu mwaka 1876.

Fikirini hilo mkiwa ndani ya basi la Mtwara lenye kiyoyozi. Miaka ambayo mguu wa mtu ulisongamana kwenye njia hii kuliko wakati wowote kabla ya magari, mguu wenyewe ulikuwa na mnyororo. Sijaona kibao wala jiwe la kumbukumbu lake kuanzia Mbagala hadi Rufiji.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1877, ikaanza hadithi nyingine. Tajiri wa meli kutoka Scotland, William Mackinnon, pamoja na wenzake wakaanza kuchonga barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa kupitia Uzaramo. Walichimba kwa miaka minne. Wakafika kilomita kama 110, wakaiacha mwaka 1881, vichaka vikafunika kila kitu. Kwa hiyo mradi wa barabara ulioanza kwa mbwembwe ukaishia porini si uvumbuzi wa serikali zetu. Una zaidi ya miaka 140.

Wajerumani nao hawakujishughulisha sana na nchi kavu ya kusini. Walikuwa na bahari. Kampuni yao ya meli za Afrika Mashariki ilianzishwa 1890, na miji ya pwani, Kilwa, Lindi, Mikindani, ikawa inahudumiwa kwa maji. Vita vya Majimaji vilipolipuka Julai 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, wanajeshi walipelekwa Kilwa kwa meli. Kinjikitile Ngwale, yule mganga wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Ngarambe na Mohoro zote ni Rufiji, kwa mizani ya leo ni safari ya asubuhi moja kutoka hapa Kibaha. Na Rufiji hiyohiyo ndiyo iliyoificha manowari ya Kijerumani, Königsberg, kwa miezi wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, hadi Waingereza walipoizamisha tarehe 11 Julai 1915. Delta inayoweza kumeza meli nzima ya vita, mnadhani ilikuwa na huruma na lori la korosho?

Waingereza walipochukua nchi wakaiita kusini jimbo la Cinderella, yaani mtoto wa kambo anayeachwa jikoni wenzake wakienda sherehe. Halafu baada ya Vita ya Pili wakakumbuka kwamba wanahitaji mafuta ya kupikia. Mwaka 1947 ukaanza ule mradi maarufu wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Pesa ikamwagwa. Ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, ikajengwa reli kutoka bandarini kwenda mashambani. Mradi ulikufa mapema tu, 1951, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, vyuma vikang'olewa. Mimi ninachokitazama ni mwelekeo wa hiyo reli. Haikukusudiwa kumleta mtu wa Nachingwea Dar. Ilikusudiwa kuipeleka karanga melini. Mtu alikuwa nje ya hesabu.

Uhuru ukaja. Na hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wazee hawatalipenda: sisi wenyewe tuliendelea na hesabu ileile. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wao. Zambia ikabanwa, shaba yake haina pa kupita na mafuta hayana pa kuingilia. Tanzania ikafungua mlango. Bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi 1968. Barabara ya kwenda Zambia ikajengwa na kuwekewa lami kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976, ikapita hadi Mzenga ndani ya Kisarawe, ambako watu walianza kulisikia treni la kimataifa likiunguruma usiku wakati wao wenyewe wakitembea kwa miguu kwenye njia za mchanga. Ulikuwa uamuzi wa ukombozi na mimi naupigia saluti. Kibaha ilifaidi kwa sababu tu ilikaa njiani. Kusini ilikuwa na kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji, ilibeba vita mgongoni mwake, lakini lami haikuifuata.

Kibaha ilipata na bahati nyingine. Mwaka 1963 nchi za Nordiki, zikiwemo Sweden, Norway, Denmark na Finland, zilianzisha pale mradi ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha: sekondari, kituo cha afya kilichozaa hospitali ya Tumbi, na mafunzo ya wakulima. Januari 1970 ukakabidhiwa kwa Serikali. Baadaye kikaja kiwanda cha kuunganisha malori ya Scania, na hadi leo konda wa daladala anapiga kelele “Tamco, Tamco, wa Tamco!” Jina ni la kile kiwanda.

Nawataja hawa wa kaskazini kwa sababu. Rafiki yangu niliyesoma naye Kibaha yuko Tromsø, Norway, anasoma masuala ya uvuvi. Tromsø iko ndani ya eneo la Aktiki. Wakati wa baridi jua halichomozi kwa karibu miezi miwili. Nilipomwandikia kuhusu ubishi wetu wa kusini akanijibu kwa simulizi ndefu ya jinsi anavyosafiri kwenda mji wa Alta. Basi linaondoka Tromsø, linafika ukingoni mwa mkono wa bahari, linaingia feri, linavuka, linatembea kidogo, linaingia feri ya pili, linaendelea. Feri inalijua basi na basi linaijua feri. Akiwa na tiketi yake mkononi, yeye analala tu.

Nikaenda kusoma. Mwaka 1893 nahodha mmoja wa Norway, Richard With, alipewa ruzuku na serikali yake aendeshe meli ya kudumu kutoka Trondheim hadi Hammerfest wakati wa kiangazi na hadi Tromsø wakati wa baridi, usiku na mchana. Tarehe 2 Julai mwaka huo meli Vesteraalen ikang'oa nanga, na siku tatu baadaye ilikuwa Hammerfest. Kabla ya hapo barua ya kwenda Hammerfest ilichukua hadi wiki tatu wakati wa kiangazi, na wakati wa baridi hadi miezi mitano! Norway ya wakati huo haikuwa tajiri wa mafuta. Mafuta waliyagundua mwaka 1969. Ilikuwa nchi ya wavuvi, watu wake wakihamia Marekani kwa maelfu kutafuta maisha. Lakini waliamua kwamba mtu wa mwisho kule juu kwenye barafu lazima ajue siku na saa ya meli. Ile huduma inaendelea mpaka leo, Bergen hadi Kirkenes, bandari 34.

Sasa turudi kwa mjomba.

Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori miaka ya 1980, na baadaye akawa dereva. Lori lao la mwisho lilikuwa Scania, na anaapa liliunganishwa hapa Kibaha. Walipeleka bidhaa za dukani Lindi na Mtwara, wakarudi na korosho. Nilimfuata Kisarawe Jumapili moja, nikamkuta barazani.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba, mpwa wangu. Leo gazeti limekosa habari mpaka mnakuja kwetu?”

Nilipomuuliza kuhusu kivuko cha Rufiji akanisahihisha palepale. “Sema pantoni. Kivuko ni neno la ofisini.” Na kweli, kwa wazee ni pantoni, kwa ofisi ni kivuko, kwa sisi wa mjini ni feri, na ukisema Feri Dar unamaanisha pale Magogoni penye soko la samaki. Haya majina matatu yangeweza kuandikiwa makala yake.

Pantoni ya Rufiji ilikuwa Ndundu, ukishapita Ikwiriri. Kutoka Dar, anasema, Mkuranga unapita, Kibiti unapita, Ikwiriri unapita, mchanga na mashimo lakini unapita. Ukifika Ndundu unakuta foleni. Magari machache tu yanaingia kwa mkupuo mmoja, na foleni inaweza kuwa ya malori hamsini pamoja na mabasi. Unazima injini. Unatafuta mti.

“Tulikaa siku nne mara moja,” akaniambia. “Nne! Na basi lililokuwa nyuma yetu lilikuwa na maiti inapelekwa Kilwa.”

“Ikawaje?”

“Ikavushwa kwa mtumbwi, mwanangu. Watu walichanga, wakaivusha usiku, wakatafuta gari ng'ambo. Ungefanyaje?”

Kiangazi tatizo lilikuwa maji machache. Mto ule unahama. Rufiji inabeba mchanga kutoka nusu ya nchi, Kilombero, Ruaha Mkuu, yote inamwaga humo, na fungu la mchanga lililokuwa kulia mwaka jana mwaka huu liko katikati. Pantoni inakwama, watu wanaingia majini kuisukuma huku jicho moja likitazama mamba. Masika tatizo lilikuwa maji mengi. Mto unapanda, unafunika mabonde na njia ya kuteremkia, pantoni inabaki inaelea mahali ambapo hakuna gari linaloweza kuifikia. Na upande wa pili, kutoka Ndundu hadi Somanga, kulikuwa na udongo mweusi ambao mjomba anauita sabuni. Kwa wiki nyingi za masika, wakati mwingine miezi, barabara ilikuwa imefungwa, basi. Gari lililokuwa ng'ambo lilibaki ng'ambo.

Mimi nilidhani watu walikaa nyumbani wakingoja mvua iishe. Hapana. Wengine walishuka kwenye basi ukingoni, wakavuka kwa mtumbwi na mizigo kichwani, wakasubiri usafiri wowote upande wa pili. Wengine walizunguka. Kuzunguka maana yake ni kupanda basi Dar, kupita hapa Kibaha, Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, Songea, halafu Tunduru, Masasi, ndipo ushuke Mtwara. Ni zaidi ya mara mbili ya umbali, na Songea hadi Masasi barabara ilikuwa ya vumbi na misitu. Kwa hiyo kuna wakati ambapo basi la kwenda kusini lilipita Maili Moja hapa Kibaha likielekea magharibi.

Wenye kupenda bahari walipanda meli. Miaka ya 1990 MV Canadian Spirit ilikuwa ikienda Mtwara kwa kupitia Mafia. Mjomba aliipanda mara moja, akatapika kuanzia Mafia hadi bandari ya Mtwara, akasema bora pantoni. Lakini mkewe, shangazi yangu, aliingilia kutoka jikoni: “Meli ilikuwa na heshima. Ulijua unaondoka lini.” Ila siku ya kuondoka nayo ilibadilika meli ikiharibika, na meli moja kwa mikoa miwili ikiharibika hakuna ya pili.

Sasa wale wanaosema watu wa kusini hawajitumi, naomba mnijibu. Wale vijana waliojaa Kariakoo miaka ya 1980 na 1990 wakitembeza soksi na vitana mikononi, tuliwapa jina gani? Machinga. Jina la kabila la watu wa Lindi! Walivuka ule mto, wakalala Ndundu kwa siku walizolala, wakaingia mjini bila mtaji, wakaanzisha biashara ambayo leo inalisha nusu ya vijana wa Dar. Jina la watu waliojituma hadi likageuka jina la kazi ndilo leo tunalitumia kuwacheka.

Kijana mmoja wa kusini aliyekuja huku mapema zaidi alikuwa wa Lupaso, Masasi. Alisoma Ndanda, na mwaka 1957 alikuwa Pugu, pale St. Francis, mlimani kabla hujafika Kisarawe. Akaenda Makerere, akawa mwandishi wa habari, akahariri Uhuru, The Nationalist na Daily News, akawa mkurugenzi wa kwanza wa SHIHATA. Mwenzetu kabisa wa kalamu. Mwaka 1995 akawa Rais. Benjamin Mkapa alikuwa mtu wa kusini wa kwanza Ikulu, na daraja la Rufiji likajengwa katika kipindi chake kwa mikopo ya Kuwait na ya mfuko wa nchi za OPEC pamoja na pesa zetu. Urefu wake ni kama mita 970. Lilifunguliwa Agosti 2003, na limepewa jina lake. Wapo waliosema amejipendelea kwao. Mimi najiuliza hao marais wawili waliotangulia, pamoja na magavana wote, walikuwa wanapendelea kwa nani.

Lakini msikimbilie kushangilia. Daraja halina maana bila barabara. Baada ya daraja zilibaki kilomita 60, Ndundu hadi Somanga, ule udongo wa sabuni. Zingine zote mbele, hadi Mingoyo, zikapata lami kabla yake. Hizo 60 ziliendelea kuwa kiraka cha tope hadi katikati ya miaka ya 2010. Na wakati zinasuasua, kitu kingine kilikuwa kimekwisha pita kimyakimya chini ya ardhi. Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, ilianza kufika Ubungo mwaka 2004. Yaani gesi ya Kilwa ilikuwa na njia nyoofu ya kufika Dar miaka kumi kabla mtu wa Kilwa hajapata yake.

Mwaka 2013 Mtwara ilipochafuka kwa sababu ya bomba jipya la gesi, magazeti mengi ya Dar, na tuwe wakweli, yaliwaandika kama watu wasioelewa uchumi. Mimi nilikuwa mwanafunzi, nilisoma nikaamini. Leo nikiiweka ile reli ya karanga pembeni ya lile bomba naona watu wanaokumbuka vizuri kuliko sisi. Hapo sitetei nyumba zilizochomwa wala watu waliokufa. Nasema tu kwamba hasira ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko bomba.

Barabara ya leo ni nzuri. Asubuhi uko Mbagala, jioni uko Mtwara. Ukipita Kibiti wenye kalamu tunamkumbuka Azory Gwanda, mwandishi aliyekuwa akiripoti mauaji ya eneo hilo, aliyetoweka Novemba 2017 na hajaonekana hadi leo. Unapita darajani kwa dakika moja, abiria wengi hawainui hata macho kwenye simu. Kisha Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zikaikata barabara maeneo ya Somanga. Mabasi yakapangana kila upande, watu wakalala njiani na watoto, na wenye haraka wakaambiwa wazunguke Songea. Mjomba akanipigia simu usiku ule. “Unaona? Pantoni imerudi,” akasema, na hakuwa anacheka.

Mwisho nilitaka nione mwenyewe kipande ambacho bado kinasafiriwa kwa feri na basi, ndani ya mkoa wangu. Nikaenda Mafia. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, unashuka Bungu, unaiacha lami unaingia kushoto kuelekea Nyamisati, kijiji cha mikoko kwenye delta. Zamani hapo ulipanda boti ya mbao, usiku, kwa kufuata maji kujaa, mizigo, mbuzi na wagonjwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 kikaja kivuko cha MV Kilindoni chenye nafasi ya abiria 200. Ni nafuu kubwa. Bado ni saa kadhaa za bahari wazi, na kusi ikivuma vizuri utaijua dini yako.

Wakati wa kurudi nilikaa karibu na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, dada wa makamo, mwenye bahasha ya kaki aliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Anakwenda Kibaha, mkoani, kufuatilia uhamisho. Nikamwambia mimi naishi Kibaha, akanitazama kwa wivu wa wazi. Akaanza kunihesabia kwa vidole: leo bahari na kulala kwa ndugu Mbagala, kesho foleni ya Dar na Kibaha, kama mhusika yupo. Keshokutwa kurudi Mbagala, halafu Nyamisati, halafu kungoja kivuko.

“Nimeomba ruhusa ya siku tano, mdogo wangu,” akasema. “Kwa sahihi moja.”